Je, wajua kwa nini Zuhura haionekani usiku wa manane?

Kuna jioni ukiwa ufukweni Mwanza, jua likishazama ng'ambo ya Kamanga, unaona taa moja nyeupe juu ya ziwa kabla nyota yoyote haijatoka. Mara ya kwanza nilidhani ni karabai ya wavuvi wa dagaa. Mjomba wangu alikuwa anapanga nyavu mtumbwini. "Karabai hucheza na mawimbi, mwanangu," akaniambia. "Ile imetulia."

Ilikuwa Zuhura, sayari ya pili kutoka kwenye jua.

Kesho yake nikajiambia: giza likikolea itang'aa zaidi. Nikakaa juu ya mawe hadi saa 6 usiku. Nyota zilijaa, ile taa haikuwepo. Wengi bado wanaamini hivyo, kwamba cha angani hutazamwa giza totoro. Wengi pia wanaamini nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni mbili. Wagiriki wa kale nao waliipa majina mawili, Hesperos ya jioni na Phosphoros ya alfajiri. Ni Zuhura ile ile.

Chukua kigingi uwanjani: hilo ni jua. Mbuzi amefungwa kamba hapo naye anakizunguka: ndiye Zuhura. Wewe, yaani dunia, unatembea kwenye duara kubwa zaidi, kamba isikofika. Popote utakaposimama, kumwona mbuzi lazima utazame upande wa kigingi. Atakuwa kushoto au kulia kwake, pengine amepita mbele au nyuma yake, ila mgongoni kwako hafiki kamwe. Na saa 6 usiku Mwanza imelipa jua mgongo.

Mbuzi akiwa upande mmoja wa kigingi, Zuhura huzama baada ya jua. Akihamia upande wa pili, huchomoza kabla yake. Kutoka msimu mmoja wa jioni hadi mwingine ni kama siku 584.

Kamba hiyo tukiipima angani haizidi nyuzi (digrii) 47 hivi. Nyosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Likizama karibu na saa 1 jioni, Zuhura hata ikiwa mbali kabisa nalo itazama kama saa 4 usiku. Anza kuitafuta dakika 20 baada ya machweo, na usielekeze darubini huko kabla jua halijazama lote.

Sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, ina kamba fupi zaidi, nyuzi 28 kwa wingi, hivyo hukaa chini sana. Lakini ule mshuko wa wima hutusaidia: kuiona Mwanza ni rahisi kuliko London. Mirihi, Mshtarii na Zohali ziko nje ya duara letu, nazo zinaweza kukesha hadi asubuhi.

Husemwa sayari haimetimeti. Ni kweli ikiwa juu. Ikikaribia maji hata Zuhura hutetemeka, kwa hiyo usitegemee dalili hiyo peke yake.

Miezi ile niliyoikosa jioni, mjomba alikuwa akiiona kila alfajiri akirudi na dagaa, juu ya vilima vya mji.