Mita kwanza, kasi baadaye

Muuza samaki mmoja wa Likoni aliniita kwa kilio kimoja: "Fundi, kila kompresa ikiwaka, joto lapotea kwenye skrini." Chumba chake cha baridi kina sensa nne, na aliyezifunga alitumia I2C, njia ya chipu kupeana data, kwa waya wa mita 18 hadi ofisini. Nilicheka kimoyomoyo, maana kosa hilo hata mimi nishalifanya.

I2C ilibuniwa na Philips mwaka 1982 ili chipu zilizo ndani ya kifaa kimoja, kama televisheni, ziwasiliane. Nyaya ni mbili tu, ya data na ya saa, na kila chipu ina anwani yake. Lakini chipu hujua kuvuta volti chini tu. Kuipandisha ni kazi ya rezista, kile kipande kinachozuia mkondo wa umeme. Waya ukirefuka, kapasitansi, yaani uwezo wake wa kushika chaji, huongezeka (kikomo cha kawaida ni pikofaradi 400) na volti hupanda kwa kujikokota. Hapo kompresa ikitoa kelele yake ya umeme, chipu hudhani ni mapigo ya saa.

SPI, njia nyingine kama hiyo, ya Motorola, ina kasi zaidi, ila kila kifaa chataka waya wake wa kuchaguliwa. Yafaa skrini iliyo hapo hapo kwenye bodi. Kebo ya USB 2.0 nayo mwisho mita 5.

Nikamwekea RS-485, njia ya kupeleka data mbali. Ishara hupita kwenye nyaya mbili zilizosokotwa, mmoja ukipanda mwenzake hushuka, na mpokeaji husoma tofauti yao. Kelele huzipiga zote mbili kwa pamoja, basi ile tofauti haitikisiki. Kwa kasi ndogo hufika mita 1,200, na joto la samaki halina haraka. Kila mwisho wa waya nilifunga rezista ya omu 120, la sivyo ishara hurudi kama mwangwi. Sensa sikuzitupa: kila moja nimeipa kidhibiti kidogo ubavuni cha kuisoma na kutuma namba kwa RS-485, na hapo I2C yatembea sentimita chache tu, mahali pake.

Ingekuwa injini ya boti ningechagua CAN ya Bosch, njia ya mawasiliano ya vifaa vya magari, kwani vifaa viwili vikisema pamoja, ujumbe wenye namba ndogo hupita bila kuharibika.

Kilichonila muda zaidi ni chumvi ya bahari: viunganishi vyote vilikuwa vimeota kijani. Sasa namba hazipotei, na ndipo mwenyewe akagundua mlango wa chumba haufungi sawasawa.