"Usilie, una imani": yasemwayo msibani na yaliyoandikwa

Turubai likishafungwa na viti vya plastiki vikapangwa, hakosekani mtu wa kumwinamia mfiwa na kumnong'oneza, "Usilie mama, wewe si umeokoka?" Anasema kwa nia njema. Ila amekosea.

Dhana: anayeamini ufufuo halii.
Fungua Yohana 11. Lazaro ana siku nne kaburini. Yesu ameshamwambia Martha, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," na anajua atakachofanya muda si mrefu. Hata hivyo, alipomwona Mariamu akilia, naye "akalia machozi". Hakumwambia ajikaze. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wasije wakahuzunika "kama na wengine wasio na matumaini". Sisi tunashika "msihuzunike", hayo maneno mengine tunayaacha hapohapo kwenye karatasi.

Dhana: imani ikiwa imara, shida hukoma.
Lazaro alifufuliwa, na sura inayofuata tu wakuu wa makuhani wanafanya shauri wamwue. Paulo anakiri kwa Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa mno, hata wakakata tamaa ya kuishi. Sijasikia mistari hiyo ikihubiriwa sana kwenye mikutano ya miujiza.

Dhana: mwili ni ganda tu, kinachookolewa ni roho.
Hii huingia hata kwenye mahubiri ya mazishi, wakati waombolezaji haohao kila Jumapili hukiri "ufufuko wa miili", au "kiyama ya mwili" kwa wengine. Katika Luka 24 wanafunzi walidhani wanaona roho. Yesu akauliza kama wana chakula. Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Tomaso naye aliambiwa atazame mikono: makovu ya misumari yalikuwepo bado. Mtu aliyemuuguza mzazi, akamgeuza kitandani usiku kucha asitoke vidonda, akamwosha kwa maji ya uvuguvugu, hili linamhusu kuliko mtu yeyote. Mwili ule aliouhangaikia haukuwa ganda la kutupwa.

Dhana: tumaini hili ni la huko mbinguni, hapa tuvumilie tu.
Sura ndefu ya ufufuo ni 1 Wakorintho 15, yenye aya 58. Inapanda hadi kwenye parapanda ya mwisho, kisha aya ya kufungia inawahimiza wazidi kutenda kazi, maana taabu yao si bure. Sura ya 16 inaanza na nini? Mchango. Kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma, ipelekwe kwa watakatifu wa Yerusalemu. Paulo ametoka kwenye parapanda akaingia moja kwa moja kwenye daftari la michango, wala haoni kwamba amebadilisha mada. Daftari hilo hata sisi tunalo. Tatizo ni kwamba letu linafungwa siku ya mazishi, na ada ya watoto wa marehemu inadaiwa Januari.