Je, wajua jinsi programu iliyoandikwa kwa lugha ya C++ inavyofanya kazi ndani ya kivinjari?

Kwa miaka mingi kivinjari kilijua lugha moja tu ya programu, JavaScript, ambayo Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari. Ukiwa na gemu la C++, ilikubidi uliandike upya au umwombe mchezaji asakinishe kitu cha ziada.

Mwaka 2010 Alon Zakai wa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, alianzisha Emscripten, kompaila (programu ya kutafsiri msimbo) inayoigeuza C++ kuwa JavaScript. Kazi ngumu ilikuwa kwenye kumbukumbu. C++ hupenda kushika kumbukumbu ya kompyuta kwa anwani, baiti kwa baiti, ilhali JavaScript haimwonyeshi mtu anwani hata moja. Emscripten ikatenga safu moja ndefu ya namba na kuifanya ndiyo kumbukumbu nzima ya programu. Anwani ya C++ ikawa namba tu ya nafasi ndani ya safu hiyo, kama sanduku la posta.

Ukabaki mwendo. Katika JavaScript ya wakati ule namba zote zilihesabiwa kuwa za desimali, jambo linalochelewesha hesabu. Dawa yake inachekesha kwa udogo: mwishoni mwa hesabu unaongeza alama mbili, |0. Kwa kanuni za lugha yenyewe, jibu huwa namba kamili ya biti 32, na kivinjari kikiliona hilo hutumia hesabu za haraka za prosesa. Mtindo huu ulipewa jina asm.js mwaka 2013. Uzuri wake ni kwamba hata kivinjari kisichoujua kiliuendesha vilevile, polepole tu, kwa kuwa bado ni JavaScript halali. Mwaka huohuo Mozilla na Epic Games wakaonyesha Unreal Engine 3, injini ya kutengenezea magemu, ikikimbia ndani ya Firefox.

Lakini asm.js ilikuwa maandishi, na faili la mamegabaiti ya maandishi huchosha kulipakua na kulisoma. Ndiyo maana ikaja WebAssembly, msimbo wa baiti (maagizo yaliyofupishwa kuwa namba badala ya maandishi) ambao Chrome, Firefox, Safari na Edge zote zilikuwa zimeupokea kufikia mwisho wa 2017. Leo Emscripten hutoa huo, pamoja na kipande cha JavaScript, kwa sababu WebAssembly peke yake haiwezi kugusa ukurasa: kitufe kikibonyezwa, ni JavaScript inayopeleka habari.

Ukitaka kuiona kazi yake, fungua magemu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, yaliyohifadhiwa na maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Kinachoyaendesha humo ni DOSBox, programu ya C++ inayoiga kompyuta ya DOS, iliyopitishwa kwenye Emscripten.