Gari imegoma kuwaka? Sikiliza stata kabla hujanunua betri

Gari ikigoma watu wengi wanakimbilia betri. Inafungwa mpya, gari inawaka siku mbili tatu afu inarudi palepale na hela ishaondoka, na hii inaniuma sana kwa sababu gari yenyewe huwa inakwambia shida iko upande gani ukiisikiliza. Mimi mteja akinipigia simu swali langu la kwanza ni hili: ukipiga stata (ile mota inayozungusha injini ili iwake), injini inazunguka au haizunguki? Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, ukizichanganya utabadilisha plagi kwenye gari yenye waya mbovu.

Tuanze na isiyozunguka. Washa taa kubwa afu piga stata huku unaziangalia. Zikififia mpaka karibu kuzima, angalia betri na maungio yake. Zikibaki na mwanga uleule na stata kimya, basi amri ya kuwasha haifiki kwenye stata, kama gari ni otomatiki jaribu kuweka gia N badala ya P, kagua fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), na ule waya mdogo unaoingia kwenye solenoidi (swichi kubwa ya stata). Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka haraka solenoidi inavuta na kuachia kwa sababu volti zinaanguka. Ukisikia "ka" moja nzito afu kimya, mara nyingi ni stata yenyewe, brashi zimeisha au kontakti zimeungua, ingawa ethi mbovu (waya wa hasi unaounga betri na bodi na injini) nayo inaweza kukupa sauti hiyohiyo.

Sasa chukua mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa na kutulia masaa kadhaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Lakini usiishie hapo, betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo, ukipiga stata inaporomoka. Ipime mwenzako akiwa anapiga stata, ikishuka chini ya 9.6 ichaji ijae upime tena, ikirudia ndo ujue imekufa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni kinachofuata, na kinarukwa sana. Gusisha waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, ile risasi yenyewe sio klampu, na mwingine kwenye bloku ya injini, sehemu ya chuma tupu isiyo na rangi. Piga stata. Ikisoma 0.2 hivi uko salama. Ikisoma volti 1 au zaidi, umeme unapotelea njiani, kwa hiyo sogeza waya hatua kwa hatua, nguzo na klampu yake, klampu na mwisho wa waya, mpaka uikute sehemu inayokula volti. Stata inavuta ampea nyingi mno, kwenye ampea 150 ukinzani wa omu 0.01 tu unameza volti 1.5, na klampu ya hivyo kwa macho unaiona safi kabisa! Fungua, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza. Na ndo maana betri mpya "inaponya" gari siku mbili, wakati wa kuifunga klampu zilisuguliwa kidogo zikashika. Au altaneta (ile inayochaji betri injini ikiwa inawaka) haichaji: injini ikiwaka betri isome kati ya 13.5 na 14.7, kama inabaki kwenye 12 hiyo betri mpya nayo inaisha tu.

Injini ikizunguka vizuri ila haishiki, achana na betri. Weka swichi ON bila kupiga stata usikilize nyuma, magari mengi ya petroli pampu ya mafuta inanguruma kama sekunde 2 afu inakata. Kimya? Fyuzi, rilei, pampu. Taa ya ulinzi wa wizi ikipepesa, jaribu ufunguo wa pili. Mshale wa RPM usipotikisika kabisa wakati stata inazunguka naishuku sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka), hasa kama gari inazima ikipata moto na kuwaka ikipoa. Afu fungua plagi moja, ikiwa kavu mafuta hayafiki, ikiwa imelowa petroli cheche haipo au injini imekunywa kupita kiasi, hapo kanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga stata, kompyuta za magari mengi zitakata mafuta mpaka silinda zikauke. Cheche usiipime kwa kushika koili (inayotengeneza umeme wa cheche) mkononi, tumia tesita yake, ni maelfu ya volti na mvuke wa petroli uko hapohapo.

Stata usiipige zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ipumzishe. Na ukisikia injini inazunguka nyepesi, haraka kuliko kawaida, bila ule mkwamo-mkwamo wa kompresheni, acha hapohapo. Huenda mkanda wa taiming (unaofanya valvu zifunguke kwa mpangilio na pistoni) umekatika, na kwenye injini nyingi kila ukiendelea kupiga pistoni zinagonga valvu. Hiyo ivutwe mpaka gereji ifunguliwe kava ya mkanda.