Bweni lisilo na grili ndilo salama

Wiki hii nimeulizwa mara tatu: “Mwalimu, mbona madirisha ya bweni hayana grili? Wezi je?” Kazi yangu ni kupokea wazazi katika shule ya kibinafsi ya mchanganyiko, wavulana na wasichana, hapa Mombasa, na swali hilo huniumiza kila nikilisikia. Najua linatoka wapi. Kuanzia Majengo hadi Nyali, nyumba isiyo na grili huonekana haijaisha kujengwa. Lakini bweni si nyumba.

Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu, wa mwaka 2008, unakataza grili kwenye madirisha ya bweni. Mlango uwe na upana wa futi 5 au zaidi, ufunguke kwa nje, wala usitiwe kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Kila ncha ya bweni iwe na mlango, na katikati mwingine wa dharura. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea bwenini katika shule ya Bombolulu, pale upande wa Mazeras: madirisha yalikuwa na vyuma, mlango una kufuli. Miaka mitatu baadaye moto wa bweni ukaua wavulana 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mwizi azuiwe na ukuta, taa na askari wa zamu, jamani, si kwa kumfungia mtoto ndani!

Ukienda kutazama shule, bwawa la kuogelea litakungoja. Anza na bweni. Ingia, usukume mlango mwenyewe kutoka ndani. Beba futi ya fundi cherehani: kati ya kitanda na kitanda iwe mita 1.2. Baba mmoja alipima katika shule aliyokwisha kulipia, akapata sentimita 70, na kufuli likining’inia nje ya mlango. Alinipigia simu akiwa pale pale.

Wazazi huniambia mengine pia. “Mchanganyiko ni watoto kulala pamoja.” Hapana. Darasa ni moja, mabweni ni mbali mbali.

“Shule za kibinafsi ni mambo ya juzi.” Shule ya Allidina Visram hapa Mombasa, ambayo leo ni ya umma, ilijengwa kwa fedha za familia ya mfanyabiashara wa jina hilo, ikafunguliwa 1923. Ya juzi ni Aga Khan Academy ya Kizingo, ya mwaka 2003.

“Mwalimu wa kibinafsi hahitaji TSC.” Haajiriwi na TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu, ndiyo, lakini sheria ya 2012 inamtaka asajiliwe nayo kabla ya kushika chaki. Omba kuona namba yake, wala usione haya.