Je, wajua kwa nini rilei mpya ya ulinzi hupimwa kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa umeme?

Anayepita karibu na kabini mpya ya umeme mjini Lubumbashi anaweza kushangaa kuona kwamba nyaya zimekwisha kuunganishwa, kioo cha rilei, yaani kifaa kinachoamuru umeme ukatwe penye hitilafu, kinawaka, taa ya kijani inaonekana, na bado mafundi wanazunguka na vipimo vyao huku watu wa mtaa wakingoja. Jibu ni kwamba taa ile ya kijani inathibitisha jambo moja tu, kuwa kompyuta ndogo iliyomo ndani ya rilei ni nzima. Haithibitishi kama nyaya zinazoiletea habari ziko mahali pake, wala kama swichi kubwa ya kukata umeme, ambayo mafundi wa hapa huiita dijonkta, itatii amri yake. Balbu ikiungua utajua usiku uleule. Rilei iliyounganishwa vibaya inaweza kukaa miaka bila kugunduliwa, hadi radi ya msimu wa mvua itakapopiga laini na transfoma kuungua bila kitu chochote kuikata.

Kazi yenyewe ya rilei ni kupima mkondo wa umeme kila wakati na kuamuru dijonkta ikate pale mkondo unapovuka kiwango kilichowekwa. Tuchukue mfano wa transfoma yenye uwezo wa kVA 5,000 inayopokea volti 15,000. Ikibeba mzigo wake kamili, mkondo wake ni takriban ampea 192, na hakuna rilei inayopitishiwa mkondo mkubwa namna hiyo moja kwa moja. Hivyo huwekwa transfoma ndogo za kupimia mkondo, kwa mfano za uwiano wa 200 kwa 1, ili rilei ipokee chini kidogo ya ampea 1. Kwa hiyo kinachopimwa si kisanduku peke yake bali mnyororo mzima, kuanzia transfoma hizo hadi koili, yaani waya uliosokotwa, inayoifungua dijonkta ili ikate umeme.

Kabla ya kugusa chochote, hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba laini imekatwa, imefungwa kwa kufuli lenye kibao cha onyo, imepimwa kuwa haina umeme, kisha imeunganishwa na ardhi. Mjini Lubumbashi hatua hiyo ya mwisho haina mjadala. Umeme wa mji hutoka katika mabwawa ya Katanga kama Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, na mwingine husafiri takriban kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga, magharibi mwa Kongo, hadi mji wa Kolwezi kwa njia iliyoanza kazi mwaka 1982. Unapopungua, mitaa hukatiwa kwa zamu, yaani delestaji, na hurudishiwa saa ambayo fundi aliye kabini huenda asijulishwe. Tena kuna jenereta za majumbani: moja ikiunganishwa vibaya, inaweza kusukuma umeme wake kinyumenyume kupitia transfoma, na volti 380 za upande wa wateja zikawa volti 15,000 katika laini ambayo kila mtu anaamini imekufa.

Hatari nyingine ni ngumu zaidi kuiona, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kufundishwa kabla ya nyingine zote. Transfoma ya kupimia mkondo huwa salama mradi upande wake wa pili, ule wa kuelekea rilei, umefungwa, yaani mzunguko wake umekamilika, kwa sababu mkondo unaozunguka huko hupinga nguvu ya sumaku inayoletwa na mkondo mkubwa wa laini. Waya wa upande huo ukifunguliwa huku laini ikiwa na mzigo, upinzani huo hutoweka, mkondo wote wa laini hugeuka kuwa wa kusumakisha kiini cha chuma, na kwenye ncha zilizo wazi huweza kutokea volteji ya maelfu ya volti, ya kutosha kuua mtu na kuchoma termino, yaani viungio vya nyaya. Ndiyo maana fundi anayelazimika kutenga rilei kwenye laini yenye mzigo huanza kwa kufunga vipande vya shaba vya kuunganisha ncha za transfoma hiyo. Kisha huzungushia waya kipimo cha koleo kuona kama mkondo umehamia kwenye njia hiyo fupi, na baada ya hapo tu hulegeza taratibu kiungo cha kuelekea kwenye rilei. Akisikia mlio au akiona cheche, hukifunga tena papo hapo. Haraka haina nafasi hapa.

Uwiano wa transfoma hizo, uimara wa kihami cha nyaya na kuunganishwa na ardhi mahali pamoja tu hukaguliwa bila maneno mengi. Jambo linalohitaji macho ni mwelekeo wa nyaya. Ikiwa transfoma ya fazi moja kati ya tatu imegeuzwa, ulinzi wa mkondo kupita kiasi hautaona kasoro yoyote, kwani wenyewe hupima ukubwa tu. Ulinzi wa hitilafu ya ardhi, ambao hujumlisha mikondo ya fazi zote tatu na kutarajia sifuri, utakuta jumla iliyo mara mbili ya mkondo wa mzigo, nao utaikata laini ambayo haina tatizo lolote.

Baada ya hapo huja kipimo cha kuingiza mkondo wa bandia kwenye rilei yenyewe, na hapa hesabu hutangulia mashine. Ikiwa rilei imepangwa kuamka kwenye ampea 1.2 kwa mkunjo wa kawaida wa IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme), unaofupisha muda wa kungoja kadiri mkondo unavyokua, wenye kizidisho cha muda cha 0.1, basi ikipewa ampea 2.4 inapaswa kutoa amri baada ya takriban sekunde 1, na ikipewa ampea 12, baada ya takriban sekunde 0.3. Majibu yakitofautiana sana na hesabu, mara nyingi rilei haina kosa: mtu amesahau kubadilisha mipangilio ya kiwandani, au ameandika uwiano usio sahihi.

Lakini amri si kitendo. Lazima dijonkta ikatwe kwelikweli na rilei, si kwa kidole cha fundi, na koili yake hutegemea betri za kabini, ambazo kwa kawaida ni za volti 110. Delestaji ikidumu, betri hizo hukosa cha kuzichaji, na zinaweza kuwa zimechoka wakati uleule umeme unaporudi ukiwa na uwezekano mkubwa wa kukutana na hitilafu. Kanuni za IEC zinataka koili ya kukata ifanye kazi hata volteji ikishuka hadi asilimia 70, yaani volti 77 kwa betri kama hizo, na kipimo hicho kisirukwe. Wakati huohuo, nyaya za kupeleka amri kwa dijonkta za jirani hutengwa kwanza. Vinginevyo jaribio la laini moja linaweza kuizima mitaa ya mji kama Katuba, Kenya na Kamalondo kwa pamoja.

Siku ya kuwasha, watu wote hutolewa karibu na transfoma, na dijonkta hufungwa kutoka mbali ili umeme upite. Transfoma isiyo na mzigo inaweza kuvuta kwa kitambo kifupi mkondo wa mara kadhaa ya ule wake kamili, hivyo rilei ya kulinganisha mikondo ya pande mbili za transfoma hupangwa kuutambua kwa sehemu yake ya hertsi 100, ambayo ni mara mbili ya masafa ya gridi, na kutoukata. Mipangilio huzingatia pia kwamba baada ya delestaji, friji, pampu na majiko ya kupikia bukari (ugali) huwashwa kwa pamoja.

Hata hapo kazi haijakwisha, kwa kuwa bila mzigo rilei inayolinganisha pande mbili huona karibu sifuri kotekote, na kosa la mwelekeo hubaki limejificha. Fundi husubiri mzigo uongezeke, mara nyingi hadi jioni, kisha husoma ukubwa na pembe ya kila fazi kwenye kioo. Pande zote mbili zikiwa na mkondo wa maana na tofauti yake ikabaki karibu na sifuri, huandika namba hizo kwenye fomu, huhifadhi nakala ya mipangilio nje ya rilei, hubadilisha nenosiri la kiwandani, na kurudisha moja baada ya nyingine nyaya zote alizokuwa amezitenga.