Keki za mwezi kwa posta: soma lebo kabla ya kununua

Sikukuu ya Mwezi, yaani siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya Kichina, ikikaribia, keki za mwezi, yaani keki za Kichina zilizojazwa kitu katikati, hutumwa kila pembe ya dunia. Baadhi ya vifurushi hutoka kwa wanafunzi na wafanyabiashara wetu walioko Guangzhou, China, kwenda kwa jamaa zao Ulaya na Marekani, na vingine huishia kuteketezwa forodhani.

Sababu kuu ni nyama ya nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, iligunduliwa China Agosti 2018. Haimdhuru binadamu, lakini haina tiba, na virusi vyake hukaa miezi katika nyama ya chumvi au iliyogandishwa. Mwaka 1957 ilifika Ureno kupitia nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula cha abiria wa ndege karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon. Kwa sababu ya magonjwa kama hilo, Umoja wa Ulaya hauruhusu mtu binafsi kuletewa nyama kwa posta kutoka China. Keki na biskuti zisizo na nyama haziguswi na katazo hilo.

Shida ni kwamba nyama hujificha. Keki za mkoa wa Yunnan hujazwa paja la nguruwe lililokaushwa, na hilo linajulikana. Lakini keki ya "mbegu tano" nayo mara nyingine hutiwa vipande vya paja hilo, na ganda la keki za mji wa Suzhou hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Zongzi, wali wa kunata unaofungwa kwa majani ya mianzi, nyingi zina nyama katikati. Geuza kisanduku usome viambato: 猪 ni nguruwe, 肉 ni nyama, 火腿 ni paja lililokaushwa, 猪油 ni mafuta ya nguruwe, 蛋黄 ni kiini cha yai.

Kiini nacho kina mambo yake. Ukikata keki ya Kikantoni, yaani ya mtindo wa Guangzhou, utakiona katikati, cha yai la bata lililotiwa chumvi, rangi ya machungwa. Kwa sababu ya mafua ya ndege na kideri, masharti ya mayai hutofautiana nchi hadi nchi. Uliza kabla ya kulipa. Chaguo salama zaidi ni keki ya mbegu za yungiyungi au maharage mekundu, isiyo na kiini, iliyokandwa kwa mafuta ya mimea.

Tuma ikiwa bado imefungwa na kiwanda. Ukiihamishia kwenye mkebe mwingine, lebo inapotea na mkaguzi hana pa kuthibitisha. Kwenye fomu ya CN22 au CN23, ile ya posta ya kueleza forodha kilichomo, usiandike "zawadi" tu. Andika kwa Kiingereza au lugha ya nchi inakokwenda: keki 4 zilizookwa, za mbegu za yungiyungi, gramu 720, hazina nyama wala yai. Msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa ya aina ya bidhaa forodhani, ni 1905.90.

Kama kifurushi chenye nyama kimeshapita, mwambie mpokeaji afunge mabaki vizuri na kuyaweka kwenye pipa lenye mfuniko. Nguruwe wasipewe kamwe.